Marehemu Ladislaus Kaijage na Wapangaji Wake wa Kijani

Baba Padri, wazee wa jumuiya, ndugu Watanzania na ndugu Wakongo mliofunga maduka na saluni siku ya Jumamosi, siku ambayo mtu hafungi duka bila sababu, majirani wa ghorofa yetu ya hapa Durban, mtaa wa Point, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokuja kutoka karakana ya Jacobs na sare zenu: familia imemtuma Respicius, mdogo wake Doris, mke wa marehemu, asimame awasomee maisha ya shemeji yake, na inaomba radhi mapema kwamba maisha haya yana kuvu ndani yake, kwa sababu ukimwondolea Ladislaus kuvu unabaki na tarehe tu.

Marehemu Ladislaus Kaijage alizaliwa Jumamosi tarehe 27 Juni 1959 katika kijiji cha Bugasha, nje kidogo ya Muleba, mkoa ambao siku hizo uliitwa Ziwa Magharibi na leo unaitwa Kagera, akiwa mtoto wa tano wa mzee Kaijage na mkewe, wote wawili wametangulia, na jina alipewa na padri aliyetazama kalenda ya ukutani akakuta siku hiyo ni ya mtakatifu Ladislaus, mfalme wa Hungaria, nchi ambayo pale Bugasha hakuna aliyekuwa na habari nayo, lakini cheti kilikuwa kimeshaandikwa, na kilichoandikwa, kama marehemu alivyopenda kusema, hakibishani na mtu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bugasha kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaenda sekondari Bukoba mwaka 1974 hadi 1977, kidato cha tano na cha sita akavisoma kwa vipande, kwa kuwa vita vya Kagera vilipita karibu mno na bweni, akatumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha mwaka 1981 akapokewa Morogoro kusomea kilimo, ambako aliingia kikiwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na akatoka mwaka 1984 kikiwa Chuo Kikuu cha Sokoine, bila yeye kuhama kitanda, jambo alilolihesabu kuwa safari yake ya kwanza rasmi.

Tarehe 1 Julai 1985 aliajiriwa kuwa bwana shamba wilayani Muleba, akapewa buti, koti la mvua, na pikipiki ambayo ilikuwepo kwenye makaratasi peke yake, hivyo mashamba aliyajua kwa miguu, na kwa miguu hiyo hiyo ndipo alipofika nyumbani kwa kina Doris kukagua migomba, akaikagua mara nyingi kuliko migomba ilivyohitaji, mpaka baba mwenye nyumba akauliza mbele ya watu kama serikali imeleta mtaalamu wa migomba au wa mabinti. Wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1986 katika parokia ya nyumbani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Irene aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1988, na Ephraim aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1991, wote wamekaa hapa mbele.

Mwaka 1992 maharage yakaanza kuoza mizizi Muleba nzima, mche unaota vizuri, wiki ya pili unalegea, wiki ya tatu ukiushika unakujia mkononi kama jino bovu, na akina mama walipomwuliza bwana shamba dawa, yeye alikuwa na jina la ugonjwa tu, kwa Kilatini, nalo halipikiki. Kulikuwa na shamba moja tu ambalo maharage yalisimama, kishamba cha mgongoni mwa kilima, cha mama yake Doris, na hapo ndipo shida yake ilipoanzia, kwa maana kwetu mkwe haingii na jembe shambani kwa mama mkwe bila kuitwa, na mtu anayeondoka na udongo wa shamba la mwenzake, hata awe na shahada, tunajua anaupeleka wapi. Doris ndiye aliyebeba ombi, akaenda na kurudi mara kadhaa akiona haya pande zote mbili, hatimaye mama akaufunga udongo kwenye jani la mgomba, akampa na neno la kumpelekea mumewe, kwamba udongo wa shamba hautolewi zawadi, ni wa kuazima, na amrudishie na maharage yake.

Ndani ya udongo ule, baada ya miaka mitatu ya kuoteshaotesha kwenye visahani, marehemu aliikuta kuvu ya kijani iliyokuwa inakula kuvu mbaya, na kwa ajili ya kuvu hiyo alipata ufadhili wa masomo ya juu hapa Durban, akawasili Februari 1996, na mkewe na watoto wakamfuata Januari 1997, wakapanga vyumba viwili Point.

Alieleza kazi yake kwa kila aliyekaa naye dakika mbili, hata kama hakuuliza: kwamba kuvu mbaya hunusa mzizi mchanga jinsi kibaka wa Point anavyonusa chumba kisicho na mtu, hivyo dawa si kumkimbiza kibaka kila siku, dawa ni chumba kiwe na wapangaji, watu wanapika, redio inalia, mtoto anagombezwa, kibaka akigusa kitasa anasikia sauti, anapita zake, naye alikuwa anazitia mbegu wapangaji kabla hazijaenda ardhini, anaiotesha ile kuvu juu ya wali uliochemshwa, wali ukishakuwa wa kijani anauchanganya na uji mwepesi wa muhogo ili ushike, anazitikisa mbegu kwenye beseni, anazianika kivulini, basi, na kwenye banda la vioo la chuo, ndani ya udongo mbovu aliouleta makusudi, mbegu tupu zililala chali na zenye wapangaji zikasimama. Ndiyo maana nyumbani kwake neno kuvu halikutumika, walisema wapangaji.

Ufadhili uliisha tarehe 31 Desemba 1997, na kadi ya mlango wa maabara, ambayo ni kadi yenye utii, ikaacha kufungua mlango tarehe mosi Januari, akaambiwa aondoe vitu vyake vyote, naye vitu vyake vyote vilikuwa chupa za wali, hivyo wapangaji wakahamia Point, kwenye friji ya Doris, wakakaa kati ya maziwa na sombe, yaani kisamvu, na kila baada ya wiki chache marehemu aliwachemshia wali mpya na kuwahamisha, kazi ambayo hakumwachia mtu. Mwezi huo huo ikaja habari kutoka nyumbani kwamba mvua za El Nino zimekiporomosha kile kilima, kishamba cha mama kimeshuka chote hadi mtoni, na tangu siku hiyo ile kuvu haikuwa na kwao kwingine duniani isipokuwa friji ya vyumba viwili Point.

Mwezi Februari alipata kazi Jacobs, kwenye karakana inayopaka mbegu dawa ya sumu ya rangi ya waridi, na hapo ndipo alipokutana na rafiki yake Vénérand, ambaye yuko hapa, na ambaye alipogundua mwenzake anafanya nini nyumbani baada ya kazi alimwuliza mbele ya karakana nzima, "Ladislas, asubuhi unaua, mangaribi unafuga, Mungu atakuita na jina gani?" naye akajibu kwamba ataitwa kwa jina lililoandikwa kwenye cheti.

Alitaka jambo moja, na kila aliyemfahamu alilijua: kabla ya mvua za Septemba mwaka huu, mbegu zenye wapangaji ziwe zimefika Bugasha, akina mama wapande, udongo wa mkwe urudi. Doris alimshauri wazifiche kwenye soksi, Vénérand akashauri soksi, mtu mmoja wa kanisani, ambaye hatutamtaja kwa kuwa kavaa soksi nzuri leo, alizitoa zake kabisa, lakini marehemu alikataa, akisema kuvu iliyoingia nchini kwa mlango wa nyuma hakuna bwana shamba atakayeruhusiwa kuigawa, na mwezi Machi akazipeleka mbegu ofisini kama raia mwema. Ofisi ya kwanza iliuliza kama ni sumu, akasema si sumu, wakamwambia basi haiwahusu. Ofisi ya pili ikauliza kama ni mbolea, akasema hailishi, inalinda, wakamwambia ulinzi si idara yao. Ofisi ya tatu ikauliza kama ni ugonjwa, naye, ambaye hakujua kujibu kifupi, akasema ni ugonjwa wa ugonjwa, na karani akaandika neno la kwanza tu. Mbegu zikazuiliwa, akapewa masharti kwamba ili zipate cheti cha afya ni lazima kwanza zipakwe dawa ya kuua kila kuvu iliyomo, akaandika barua ya rufaa, kwa heshima zote, kueleza kwamba kuvu iliyomo ndiyo mzigo wenyewe, na akaambiwa rufaa yake inashughulikiwa.

Mwezi Mei miguu ilianza kuvimba, akadhani ni kusimama sana karakanani, mwezi Juni uso nao ukavimba, na katika hospitali moja ya umma hapa mjini akaelezwa kwamba figo zote mbili zimechoka na kwamba ipo mashine ya kusafisha damu, lakini mashine ni chache, jopo ndilo linaloamua nani alale juu yake. Jopo lilikaa, likaamua kwamba mashine hupewa anayesubiri kupandikizwa figo, kupandikizwa figo husubiriwa na mwenye makazi ya kudumu, na ofisi ya makazi ya kudumu, ambako Doris alikwenda siku hiyo hiyo akapanga foleni hadi jioni, ikasema ombi la mumewe litafikiriwa akishaleta cheti cha afya njema. Marehemu alimwomba daktari airudie polepole, kwa sababu mduara mzuri namna hiyo alikuwa hajauona tangu hesabu za kidato cha nne, na yule daktari kijana, ambaye hakuuchora yeye, akairudia. Doris aliuliza sasa yeye afanye nini, na jibu alilopewa ni kwamba amletee chakula kisicho na chumvi.

Alilazwa Alhamisi tarehe 2 Julai, na Jumamosi tarehe 4 Julai, Doris akiwa hospitalini, akina mama wa jumuiya walifanya wanachofanya siku zote nyumba ikipata mgonjwa, walikuja na ndoo zao wakiongozwa na Mama Godelive, wakapika, wakafua, wakawaogesha watoto, wakasugua sakafu mpaka ikaonyesha rangi ambayo mwenye nyumba mwenyewe alikuwa ameisahau, na Doris aliporudi jioni Mama Godelive alimpokea mlangoni kwa furaha, mikono bado ina povu, akamwambia, "Mama Irene, weye pumzika, kila kitu iko propre, ata mu frigo mulikuwa wali ya kuoza, imekuwa vert, kijani kabisa, tuliimwanga yote mu choo na jiki juu yake, na chupa tumezifula, unaweza weka ata maziwa ya mtoto."

Doris alisema asante mama, asanteni sana, akawasindikiza hadi kwenye ngazi, akarudi, akafungua friji, akaziona chupa zimepangwa kwa kimo kama kwaya, akafunga, akakaa sakafuni.

Kilichofanywa baada ya hapo familia inakisema ili ijulikane kwamba kilifanywa: Vénérand aliitwa, akaja mbio, wakachemsha wali, wakaufuta kwenye mpira wa mlango wa friji, kwenye vifuniko vya chupa, kwenye beseni la mbegu, hata kwenye mifuko ya koti la marehemu, wakangoja, ikaota kuvu nyeusi, ikaota ya njano, ikaota ya kijivu yenye manyoya, Point ilitoa kila ilichokuwa nacho, isipokuwa ile, na mbegu zilizobaki nayo zilikuwa ofisi ya tatu, ambayo ilisema mzigo uliozuiliwa haufunguliwi. Hatimaye Doris aliosha chupa, akatia wali mweupe mpya, akazirudisha kati ya maziwa na sombe, kwa sababu hakuweza kuitazama ile nafasi tupu, na kila asubuhi alifungua akatazama, wali ukianza kuchachuka alitia mwingine.

Kila saa ya kuona wagonjwa marehemu aliuliza jambo moja kabla ya salamu, wapangaji wanaendeleaje, na kila mara Doris alimjibu, "Wako sharp, Baba Irene," yaani wazima, akijua kwamba mashine hatapewa na kwamba jibu hilo ndilo dawa pekee iliyokuwa katika uwezo wake, akamwagiza Respicius ajibu hivyo, akamwagiza Vénérand, akawafundisha watoto, na wodi nzima ikajua kwamba mzee wa kitanda cha dirishani ana wapangaji sehemu, na muuguzi mmoja alimwuliza kama kuna chumba.

Jumapili tarehe 9 Agosti alikuwa amepungukiwa na pumzi, akauliza tena, Doris akajibu tena wako sharp, lakini siku hiyo akaongeza swali, "Wana rangi gani sasa?" na Doris, ambaye asubuhi ile alikuwa ameutazama wali kwa macho yake, akajibu kwa haraka, kwa furaha ya mtu aliyepata hatimaye swali ambalo anaweza kulijibu kwa ukweli, "Weupe! Weupe kabisa, safi." Wali wenye wapangaji huwa mweupe siku tatu nne za mwanzo, kisha ni kijani, na baada ya mwezi ni kijani cha nyasi za masika, jambo ambalo Doris alilijua kama anavyojua jina lake, na alilikumbuka neno likiwa limeshatoka. Marehemu alitazama dari, akasema, "Vizuri," na hakuuliza tena, si siku ile, si siku nyingine. Aliuliza kama viatu vya Ephraim vinamtosha.

Jumanne tarehe 11 Agosti Mama Godelive alikuja na supu isiyo na chumvi, Doris akiwa amesimama miguuni pa kitanda, na marehemu, ambaye hakuna mtu aliyemweleza chochote, alimshika mama huyo mkono akamwambia, "Mama Godelive, najua mlinisafishia nyumba. Asante sana. Si kila mtu anasafishiwa nyumba angali hai." Mama Godelive akacheka, akasema, "Aa, Papa Irene, ile ni kakazi kadogo, lakini frigo yenu ilikuwa na mambo!" na marehemu naye akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na muuguzi akaja kuwatazama, na juu ya kicheko hicho mume na mke walitazamana, yeye akijua, mkewe akijua kwamba anajua, wala hawakuligusia jambo hilo baadaye, walikuwa na siku nane tu na walizitumia kuzungumza habari za watoto.

Ladislaus Kaijage alifariki dunia Jumatano tarehe 19 Agosti 1998, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na leo Jumamosi tarehe 22 tunamzika hapa Durban kwa agizo lake, kwa kuwa alisema ameshaona jinsi maharage yanavyosafiri, hataki kuyafuata njia hiyo.

Mambo haya ya chupa Doris alimweleza Mama Godelive juzi Alhamisi, kwa kuwa hakutaka ayasikie kwanza hapa, na familia ilikuwa imeamua yasisomwe, lakini mama mwenyewe, alipoweza kusema, alisema yasomwe, "na jina yangu musiifiche, nilifanya na mikono yangu." Amekaa pale, na aliyemshika mkono ni Doris. Familia haina neno naye, na anayefikiri tofauti aje kwanza aoneshe ndoo aliyoibeba yeye siku ile.

Jana Ijumaa ofisi ya tatu ilipiga simu karakanani Jacobs kwa habari njema, kwamba mbegu za Bwana Kaijage zimepita, kwa sababu watumishi waliona mwenye mzigo anachelewa kutimiza masharti wakamwonea huruma, wakazipaka dawa wenyewe, bure, sasa ni safi kabisa, aje azichukue yeye binafsi na kitambulisho. Doris aliitwa kwenye simu, akasema hataweza kuja, na karani, kwa sauti ya upole, akamjibu asiwe na wasiwasi, amwambie ana siku thelathini.

Jioni yake Doris alimpigia mama yake kutoka duka la simu, akamwambia msiba, ambao mama alikuwa ameshaupata, na habari ya udongo, ambayo alikuwa hajaipata, kwamba umekwisha, haupo, hata chembe, na mama akasema, "Na wangu uliondoka na kilima. Sasa hatudaiani. Njoo na watoto." Atakwenda nazo zile mbegu, ambazo sasa ni za rangi ya waridi, ofisi ikikubali cheti cha kifo mahali pa kitambulisho, kwa kuwa mbegu ni mbegu, zitapandwa Septemba, nazo zitasimama msimu mmoja, kama dawa inavyoweza kusimama, na msimu wa pili hakuna hapa anayejua, aliyekuwa anajua ndiye huyu tuliyemzunguka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, ambao walifanya yote waliyoruhusiwa, na yule daktari kijana aliyekuja leo bila koti jeupe, tumemwona, asante. Inawashukuru majirani wa Point kwa ngazi na viti, uongozi na wafanyakazi wa karakana ya Jacobs, na kwa namna ya pekee ndugu Vénérand aliyechemsha wali. Inawashukuru akina mama wa jumuiya kwa usafi, shukrani ambayo si ya familia kuitoa, kwa kuwa mwenyewe aliitoa kwa kinywa chake.

Shemeji, tulikuwa wengi, tulikaa karibu, na hatukuweza kitu. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.